Bundi wa mezani, jini wa dukani



Kijana mmoja kaniuliza: "Ustadh, kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons mchawi wangu ana bundi wa kumsaidia. Kanuni inasema bundi huyo hawezi kushambulia. Je, nikimpa chupa ya moto aidondoshe juu ya adui?"

Ndugu zangu, kwanza kanuni. Mmekaa mezani kwa makubaliano, na Muislamu hutimiza sharti alilolikubali. Kudondosha moto juu ya mtu ni kumshambulia, hata ukikupa jina jingine. Hila ya maneno haibadilishi tendo. Msimamizi wa mchezo akisema hapana, imekwisha.

Pili, isome kanuni yote, mwanangu. Bundi yule si ndege. Kitabu cha mwaka 2014 kinasema ni roho iliyovaa umbo la mnyama, na mchezaji huchagua iwe ya mbinguni au hata ya kishetani. Huitwa kwa makaa, ubani na majani yanayochomwa ndani ya chetezo cha shaba.

Harufu hiyo, watu wa pwani hatuijui?

Simwiti kijana huyu mshirikina. Kusimulia si kuamini. Namshauri tu achague mnyama wa kawaida, moyo usizoee. Lakini wewe mzazi unayemkaripia, ubani unaofukiza usiku ili jini akulindie duka, nao ni mchezo? Yeye anajua anacheza. Wewe unaamini.

Allah atulinde na shirki, ya dhahiri na ya siri. Wallahu a'lam.