Neno la Mhariri: Daftari la Wajane

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa lilipoingiwa na manung'uniko, na kilichonung'unikiwa ni chakula. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku, wenzao Waebrania wakipata. Nikiisoma sura ya 6 ya Matendo ya Mitume nikiwa Mbarara, naona habari za kale. Nikiisoma Nakivale, naona jirani zangu.

Makazi haya ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro, kama kilomita 60 kutoka Mbarara, yamepokea watu tangu Wanyarwanda walipokimbia kwao miaka ile ya 1959 na 1960. Leo kanda za Juru, Rubondo na Base Camp zina Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Na kwa Wakristo wengi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha ibadani. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa katika mgao. Tangu hapo nani amerukwa ni swali la kila nyumba, na mchungaji huulizwa ingawa orodha hakuiandika yeye.

Huku kwetu mchungaji huitwa mtumishi. Neno zuri, lakini tumelivika koti. Mtumishi huwekewa kiti cha mbele na kubebewa Biblia, wakati neno lenyewe linamtaja mtu anayetumika: anayetumwa maji akaenda. Heshima apewe. Ila tuulize nani ametumika wiki hii.

Kila aliyekaa Nakivale anamjua mama wa namna hii. Hana cheo kirefu. Ana daftari la shule lililochakaa pembeni, na ndani yake majina: mjane aliyejifungua, mzee asiyeweza kupanga foleni, kijana aliyeachiwa wadogo zake wanne. Jumanne hupita. Jumanne inayofuata hupita tena, hata kama mkononi ana kikombe kimoja tu cha unga wa posho. Mgonjwa akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako ndugu ndiye anayepika na kufua, na wauguzi na majirani wa wodi wanasema Kinyankole, mama huyu huhangaika mpaka apatikane mtu wa kulala naye. Ukimwita kiongozi atacheka. Mimi namwita hivyo bila kusita, na toleo hili zima limeandikwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Turudi Yerusalemu, maana kuna jambo tunalipita haraka. Wale saba waliochaguliwa kusimamia mgao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, wote wana majina ya Kiyunani. Yaelekea ghala lilikabidhiwa watu wa upande uliolalamika! Ni makanisa mangapi ya Wakongo hapa yangempa Mrundi daftari? Mangapi ya Wanyarwanda yangempa Mkongo? Hapa ndipo uaminifu wa kila siku unapouma, kwa sababu unadai tumwamini mtu ambaye lugha yake hatuioti.

Apolo Kivebulaya alilijua hilo. Mwinjilisti huyu Mganda alifika Boga, Kongo, mwaka 1896, kwa watu wasio wake. Alipigwa, akafungwa, akatolewa, akarudi. Alilima, akafundisha watu kusoma, akajenga, na alipokufa mwaka 1933 alikuwa bado hukohuko. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Leo Wakongo ndio wamevuka kuja Uganda, na mlango wa kubishwa ni wetu.

Lipo jambo moja linalonikosesha usingizi. Watu wa daftari huondoka. Mmoja hupata safari ya Kanada, mwingine hurudi Bujumbura, mwingine hufa kwa malaria, na majina yote huondoka naye kwa sababu hayakuwa ya kanisa, yalikuwa ya moyo wake. Kwa hiyo naomba kila kanisa, Juru hadi Ruharo ya Mbarara, lifanye hivi kabla ya mvua zijazo: anayeshika daftari achague mwenzake wa lugha nyingine, wapite pamoja nyumba kwa nyumba, na kila mlango mwenzake atajwe kwa jina, ili mwenye nyumba amzoee sauti.