Kiingereza cha uoga

Wadau, niko Berlin kwenye kozi ya kiangazi. Siku 2 za kwanza darasani kimya, naogopa kukosea. Pembeni yangu jamaa wa Italia anakivunjavunja Kiingereza, tena kwa sauti, na mikono juu! Akikwama anauliza neno, anaendelea. Hakuna anayecheka.

Eti tatizo letu ni miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili? Mbona yeye kasoma Kiitaliano mpaka sekondari! Mimi sekondari nilichapwa kwa kuongea Kiswahili, nikikosea Kiingereza darasa zima linacheka. Hapo utathubutu kweli?

Mwakani naenda mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi akianza kujieleza kwa Kiswahili nitamsikiliza, mwalimu mwenyeji aninunie tu.

Jana nimeuliza swali langu la kwanza. Nilikosea, na profesa akajibu.