NANI AMESIMAMA NYUMA YA KITI CHAKO?



Ndugu yangu, dada yangu, leo nataka tuzungumze juu ya chakula. Sizungumzii nguruwe wala nyamafu, hayo umeyajua tangu chuoni. Nazungumzia sahani ya halali, iliyochinjwa kwa Bismillahi, ikaliwa mahali pazuri, na bado ikamwachia mlaji deni mbele ya Mola wake.

Hapa Nairobi mtaa wa Karen wengi wenu mnaujua. Miti mirefu, nyasi zimekatwa kama zulia, nyumba za mawe za enzi ya mkoloni zenye vigae na varanda pana. Baadhi ya nyumba hizo leo ni mikahawa. Unakaa chini ya mti, ndege wanalia, unaletewa kahawa na keki, na ukutani kuna picha za zamani: Mzungu ameketi na bunduki yake, na nyuma ya kiti chake amesimama mtu mweusi ambaye jina lake halikuandikwa.

Iangalie picha hiyo vizuri. Tutairudia.

Ramadhani iliyopita nilialikwa kwenye futari katika mkahawa mmoja wa namna hiyo. Jina sitautaja, kwa sababu lawama nitakayoitoa naanza kuitoa kwangu mwenyewe. Futari ilikuwa ya kuchangia yatima. Tulikuwa watu 60, na sahani ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 3,800. Mfadhili alilipa, Allah amlipe kwa nia yake.

Magharibi ikaingia. Adhana ikasikika kwenye simu ya mtu, kila mmoja akanyosha mkono kwenye tende. Mimi pia. Nilipoinua macho nikamwona kijana aliyesimama nyuma yetu na sinia la sharubati. Nilimtambua. Juzuu Amma amesoma mbele yangu, kwenye mkeka wa madrasa yetu.

Nikamuuliza, "Umefuturu, mwanangu?"

Akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Bado, Maalim. Tumeambiwa tungoje wageni wamalize."

Nikampa tende moja. Akatazama upande wa msimamizi wake, akaitia mfukoni.

Unajua mimi nilifanya nini baada ya hapo? Niliendelea kula. Supu ikaja, wali ukaja, nyama ya kuchoma ikaja. Shekhe mmoja akasimama akatukumbusha fadhila za kumfuturisha aliyefunga, kwamba anayemlisha hupata ujira mfano wa aliyefunga bila ya huyo kupungukiwa. Tukasema "Maa shaa Allah." Na aliyefunga amesimama nyuma ya viti vyetu, tende iko mfukoni, anatungoja tushibe.

Wallahi usiku ule nilikosa usingizi. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. 3,800 mara 60 ni shilingi 228,000. Yatima wa madrasa yetu ni 22. Fedha hizo ukizigawa kwa siku 30 za Ramadhani, kila mtoto angepata futari ya shilingi 345 kila siku, mwezi mzima, na chenji ingebaki. Sisi tulizila kwa saa mbili, kwa jina lao, na wao hawakuwepo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba chakula kibaya kabisa ni kile cha karamu ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Hiyo ni karamu ya harusi tu. Je, karamu ya yatima ambayo yatima hawakuitwa?

Sasa turudi kwenye picha ya ukutani.

Mtaa ule uko kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika mwaka 1914 na kuondoka 1931. Shamba lilikuwa ekari kama 6,000, chini ya vilima vya Ngong. Mahali penyewe pako juu mno kwa kahawa, na biashara ikafilisika. Nyumba yake leo ni makumbusho, na kitabu alichoandika baadaye kuhusu shamba lile kimesomwa na kupigiwa filamu dunia nzima. Ndiyo maana watalii wanapapenda, na ndiyo maana mikahawa ya kule hupambwa ifanane na siku zile.

Lakini siku zile zilikuwaje kwa babu yako? Sheria ya 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi kwenye shamba la Mzungu amfanyie kazi mwenye shamba si chini ya siku 180 kwa mwaka. Miaka ya 1920 wanaume walitembea na kipande kwenye kibati, kimening'inia shingoni. Kahawa waliilima na kuichuma, ila kuipanda kwenye shamba lao wenyewe walizuiliwa, na kwa walio wengi mlango huo haukufunguka mpaka miaka ya 1950.

Na ndani ya nyumba ya Blixen alikuwemo Muislamu. Jina lake Farah Aden, Msomali, msimamizi wa nyumba yake kwa miaka yote ile. Alimsifu sana katika vitabu vyake, kwa uaminifu na heshima yake. Mtu anayefunga, anayeswali, anayesimamia meza ya wengine.

Basi nikuulize, ndugu yangu. Unapokaa kwenye varanda ile na kujipiga picha, wewe katika picha ya ukutani ni nani? Asili yako ni yule aliyesimama. Lakini umelipa shilingi 3,800 ili kwa saa mbili uwe yule aliyeketi. Kahawa ungeipata hata Eastleigh, na nyama ungeipata Majengo, tena yenye chumvi ya kutosha. Kule umenunua ubwana.

Na ubwana hauwezi kukaa bila ya mtu wa kusimama. Kiti cha bwana kina maana pale tu anapokuwepo wa nyuma yake. Ndiyo maana umemwita kwa kupiga vidole. Ndiyo maana hukumsalimia, nawe unajua kutokana na kibati cha jina kifuani kwake kwamba ni Abdallah. Ndiyo maana umerudisha sahani kwa kelele kwa sababu ya limau, na nyumbani unakula kiporo kimya kimya.

Uislamu ulikuja kukiteremsha kiti hicho. Mtume (S.A.W.) amesema wanaotutumikia ni ndugu zetu, Allah amewaweka chini ya mikono yetu, basi tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa. Na ametufundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula, kama hukumkalisha nawe basi mpe tonge moja au mawili, maana yeye ndiye aliyeuvumilia moto wake na tabu yake. Angalia jinsi dini hii ilivyo na jicho! Imeona moshi ulioingia machoni mwa mpishi.

Hata kahawa yenyewe inatushuhudia. Waliofanya kahawa iwe kinywaji ni Waislamu, masufi wa Yemen katika karne ya 15, wakiinywa usiku ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, na baadaye ikaruhusiwa. Kutoka bandari ya Mokha ikaenda duniani. Neno letu "kahawa" ni lile lile la Kiarabu, na "mkahawa" limetokana nalo.

Nasi watu wa pwani tunajua jinsi ya kuinywa. Mombasa na Lamu, baada ya Alasiri, muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, anagonganisha vikombe. Mchukuzi wa mizigo amekaa kwenye baraza, mwenye duka amekaa, kadhi akipita naye hukaa. Benchi ni moja. Kikombe ni kile kile kidogo, kahawa ni ile ile chungu, na kipande cha kashata. Muuza kahawa mwenyewe anaketi, anatia neno kwenye mazungumzo, na akikosea anarekebishwa kama mwengine yeyote. Hapo hakuna wa mbele wala wa nyuma. Kinywaji kilichozaliwa kwenye dhikri na kulelewa kwenye baraza, leo tunakinywa mahali ambapo utamu wake ni kutengwa na wenzetu.

Najua utaniambia, "Shekhe, unaharamisha alichohalalisha Allah." La, sikuharamisha. Qur'ani imewakemea wanaoharamisha pambo la Allah na riziki nzuri alizowatolea waja Wake. Miti ile ni ya Allah, kivuli kile ni cha Allah. Kumpeleka mkeo mahali patulivu, kumfurahisha mama yako aliyekulea kwa tabu, hayo yana thawabu ukinuia vyema. Lakini Sura hiyo hiyo ya Al-A'raf, aya moja kabla, imetuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu. Soma aya zote mbili. Usichague moja.

Utaniambia tena, "Vijana wanapata kazi pale, tusipokwenda watakula nini?" Ni kweli, na ni hoja nzuri. Basi kama unakwenda kwa ajili ya kijana, mbona ukifika humwoni?

Na mwengine atasema, "Fedha za futari ile zilikuwa za mfadhili, si za yatima." Sawa. Lakini jina lililoandikwa kwenye mwaliko lilikuwa la yatima. Umaskini wa mtoto ukiwa ni sababu ya wewe kula vizuri, jiulize ni nani hasa aliyemsaidia mwenzake.

Basi ukitaka kwenda, nenda na haya.

Kwanza, lipa kwa fedha zako. Usichukue mkopo wa simu ili upige picha ya keki. Riba kwa ajili ya njaa ni msiba. Riba kwa ajili ya picha niite nini?

Pili, meza inayozungushwa pombe usiikalie, hata kama glasi yako ni ya maji. Mtume (S.A.W.) ameikataza.

Tatu, agiza utakachomaliza. Kikibaki, omba ufungiwe, usione haya. Haya ni kukitupa huku unajua nyumba zilizolala na chai kavu.

Nne, salamu kwa anayekuhudumia. Muulize jina. Ramadhani, kabla ya tende yako, uliza waliofunga miongoni mwa wahudumu, na umwambie msimamizi waziwazi, "Sisi tutajihudumia kwa dakika kumi, waache wafuturu." Mteja akisema husikilizwa. Mimi nilikuwa mteja, nikanyamaza.

Tano, kiasi utakacholipa pale, kikatie fungu kwa mwenye njaa, siku hiyo hiyo kabla hujalala. Ukiona ni kingi mno kutoa, basi kilikuwa kingi mno kula.

Sita, na hili nawaambia maimamu na kamati za misikiti wenzangu: harambee ya yatima ifanyike walipo yatima. Mkeka, tende, uji, sambusa. Matajiri waje wakae chini, watoto wawe mbele. Atakayeshindwa kuja kwa sababu hakuna bustani, mchango wake Allah atauleta kwa mlango mwengine.

Siku ya Iddi yule kijana alikuja kunipa mkono msikitini. Nikamwomba msamaha. Akashangaa, akacheka, akasema, "Maalim, mimi nimezoea."

Neno hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Amezoea. Farah alizoea, babu yangu alizoea, na mwanafunzi wangu wa Juzuu Amma amezoea, safari hii nyuma ya kiti changu mimi.

Ewe Mola wetu, tusamehe matonge tuliyoyala na ndugu zetu wamesimama. Usitujaalie tukawa katika wanaokuombea chakula kwa ajili ya yatima kisha wakakila wao. Na siku tutakayosimama sote mbele Yako, pasipo na kiti cha yeyote, utuhurumie. Amin.

Wallahu a'alam. Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako. Ukiona nimekosea, nirekebishe kwa hoja na kwa upole.