Daftari la Kisima



Mwaka 2004 mtaalamu Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Huko Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila shule za msingi zilichangiwa fedha chache. Meatu haikuwa hivyo. Naye akaitaja siasa ya Mwalimu Nyerere ya kujenga taifa moja, pamoja na Kiswahili. Sisi wa Bomeni, tulio jirani na Holili, tuna haki ya kuona wivu kidogo.

Mwaka 2005, yeye na Mary Kay Gugerty wakaeleza kwamba Busia, penye mchanganyiko, wazazi waliochelewa kulipa hawakukemewa sana mikutanoni. Visima navyo vilitunzwa vibaya.

Hapo nilijiona. Nilipata kuwa mjumbe wa kamati ya kisima mtaani. Mweka hazina alikuwa jamaa yangu. Miezi minane hesabu haikusomwa, nami nikanyamaza. Wa makabila mengine wakachelea kuitwa wachochezi. Pampu ilipoharibika, fedha hazikuonekana, na akina mama wakarudi kujitwika ndoo za maji kutoka mbali. Nami ndiye niwasomeshaye watoto aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, ituamrishayo uadilifu ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa!

Aliyeuliza mwishowe ni bibi mmoja muuza ndizi: “Wanangu, daftari liko wapi?”

Lililetwa Ijumaa iliyofuata. Kurasa tatu zilikuwa zimechanwa.