Watoto Wafunzwe Kulitazama Jua, Wasifungiwe Ndani

Wapo watu mtaani kwetu waniitao mwehu, kwa kuwa kila asubuhi kabla mabati hayajapata moto, mimi huwa nimekwisha kusimamisha darubini uani nalipiga jua picha. "Kwani limekuwa bibi harusi?" aliniuliza mzee mmoja jirani yangu. Kicheko sikatai. Lakini ndani yake mna jambo lisilonipendeza hata kidogo, yaani ile imani kwamba jua ni la kuanikia mahindi na nguo tu, na mwenye akili timamu halitazami.

Ni kweli halitazamwi kwa macho matupu. Sehemu ya jicho ipokeayo mwanga haihisi maumivu, hivyo mtu huungua asijue. Kioo cha moshi, filamu ya eksirei, beseni la maji, vyote hivyo ambavyo watu wetu hukimbilia siku ya kupatwa kwa jua, si kinga. Kinga ni karatasi maalumu ing'aayo kama fedha, ipitishayo sehemu moja tu ya mwanga kati ya 100,000. Nayo hufungwa mbele ya darubini, kule jua liingiako, wala si nyuma panapowekwa jicho. Vile vioo vyeusi vidogo vya kukazwa nyuma, vilivyouzwa na darubini za zamani, hupasuka kwa joto. Ukikipata kimoja, kitupe.

Baada ya hapo, ndugu msomaji, utaona maajabu. Kuna madoa meusi, mengine mapana kuliko dunia yetu nzima. Weusi huo ni wa kulinganisha tu, maana doa lina joto la kama digrii 3,500 za Selsiasi au zaidi kidogo, ilhali kandokando yake ni 5,500. Ukipiga picha kila siku utayaona yakihama toka ukingo hadi ukingo kwa muda wa karibu majuma mawili, kwani jua nalo lajizungusha. Na kwa sababu hewa hutetemeka, mimi hupiga mamia ya picha kwa dakika moja, kisha kompyuta huchagua zilizo safi na kuzipandanisha ziwe moja.

Wengine huniambia kwamba Wamarekani wana chombo angani tangu 2010 kinachofanya kazi hiyo usiku na mchana. Hoja hiyo siikubali. Heinrich Schwabe alikuwa mwuza dawa katika mji wa Dessau, Ujerumani. Alianza kuyahesabu madoa hayo mwaka 1826, na ilipofika 1843 akawatangazia wataalamu kwamba huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa kama miaka 10. (Sasa twajua ni kama 11.) Hata leo hesabu ya madoa ya dunia hukusanywa Brussels, Ubelgiji, kutoka kwa watazamaji wenye darubini ndogo, wengi wao wa kujitolea. Basi sisi tulio kwenye ikweta, tupatao mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, mawingu ya Julai yakituruhusu, mbona tungoje picha za wenzetu? Wala si mchezo. Jua lilipochafuka Machi 1989, jimbo la Quebec huko Kanada lilikaa gizani kwa muda wa saa tisa.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kule Luxor, Misri, nasi Kenya tutaona sehemu yake ikiliwa. Siku kama hizo nimeona watoto wakifungiwa madarasani, mapazia yameshushwa, utadhani nje kuna simba. Nasema kila shule na inunue karatasi ya kinga tangu sasa. Fedha zikikosekana, mwalimu na atoboe tundu la sindano katika kadi ngumu, watoto walipe jua mgongo, mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Hapo wataliona limemegwa upande mmoja kama chapati.