BREKI SI MAHALI PA KUBANIA SHILINGI

Kila siku alfajiri, watumishi wa umma na walimu wengi huwasha magari yao madogo kwenda kazini. Mengi ya magari hayo yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuvushwa bahari, na wengi wa wenyewe waliyanunua kwa mikopo inayokatwa katika mishahara. Haya si magari ya anasa. Ni vyombo vya kazi, na mwenye chombo cha kazi hulazimika kuhesabu kila shilingi. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu anapoambiwa na fundi kuwa pedi za breki zimekwisha, swali lake la kwanza huwa ni bei. Swali hilo ni halali. Hatari huanza linapokuwa pia ndilo swali la mwisho.

Yafaa kukumbuka kazi ya kifaa hiki kidogo. Gari linapokwenda hubeba nguvu ya mwendo, na pedi zinapoibana diski huigeuza nguvu hiyo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu inayopaswa kuzimwa huongezeka mara 4. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Mzigo wote huo huangukia vipande vichache ambavyo, vikiwa vipya, unga wake wa msuguano una unene wa milimita 10 hivi. Anayebania hapo hajibanii peke yake. Anambania pia mtoto anayevuka barabara kwenda shule, ambaye hakushirikishwa katika ununuzi huo.

Makosa yanayotendeka katika kuchagua pedi ni mawili, na yote mawili yanastahili kukemewa.

Kosa la kwanza ni kununua pedi isiyo na jina, alama wala namba, kwa sababu tu ni rahisi. Katika maduka ya vipuri, tangu Kariakoo hadi mikoani, pedi za kila daraja huuzwa bega kwa bega, na zilizo bandia huvikwa maboksi yanayofanana na ya zile halisi. Ubaya wa pedi duni ni kwamba haijifichui upesi. Katika barabara tambarare, kwa mwendo mdogo, husimamisha gari kama nyingine. Hujulikana siku gari likiwa limejaa abiria na mizigo, likiteremka Kitonga, Sekenke au Iwambi, dereva akikanyaga breki mara kwa mara. Joto linapozidi, gundi inayoshikilia unga wa pedi hulegea na msuguano hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote, kanyagio ni gumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Wakati huo hakuna tena nafasi ya kurudi dukani.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo huwapata wenye uwezo zaidi. Ni imani kwamba pedi kali kuliko zote, zile za magari ya mashindano, ndizo bora kwa kila gari. Pedi hizo zimetengenezwa kufanya kazi zikiwa na joto kali. Zikiwa baridi hushika vibaya. Gari la kwenda kazini husimama mara nyingi breki zake zikiwa baridi: asubuhi ya kwanza, mbele ya lango la shule, kwenye kivuko cha waendao kwa miguu. Hapo pedi ya gharama kubwa inaweza kushindwa na ile ya kawaida. Ubora wa pedi, basi, hupimwa kwa kazi inayotakiwa kufanywa.

Kwa gari la kila siku aina kuu ni tatu. Pedi laini zisizo na asbesto wala chuma kingi hushika vyema zikiwa baridi, hazipigi kelele na haziumizi diski, ingawa huisha mapema na hazistahimili joto kubwa. Zenye chuma kingi hustahimili joto na mizigo, lakini zina kelele na hula diski. Zile za seramiki hudumu, zina vumbi dogo na ni tulivu, ila bei yake ni ya juu. Mwalimu anayekwenda na kurudi ndani ya mji tambarare hana sababu ya kununua zaidi ya pedi laini zilizo halali. Yule anayepanda na kushuka milima ya Lushoto kila siku, au anayebeba mizigo, ana sababu nzuri ya kuchagua zinazostahimili joto.

Mnunuzi hana haja ya kuwa mhandisi ili ajilinde. Kwanza, aende na pedi kuukuu mkononi pamoja na namba ya chasisi, na ahakikishe kipya kinalingana na cha zamani. Pili, asome maandishi yaliyo kwenye ubavu au mgongo wa pedi. Herufi mbili kama FF au GG huonyesha kiwango cha msuguano, ya kwanza pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa na joto. Hazionyeshi kama itadumu. Herufi E ndani ya duara, pamoja na namba yenye 90R, huonyesha kuwa pedi imethibitishwa kwa Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai kwamba nguvu ya pedi ya badala isipishane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Tatu, adai risiti. Muuzaji anayekataa kuandika jina la kipuri kwenye risiti amekwisha kutoa jibu.

Hata pedi njema huharibiwa na ufungaji mbaya. Zibadilishwe magurudumu yote mawili ya ekseli moja kwa wakati mmoja, la sivyo gari litavuta upande. Zisingojewe hadi chuma kikutane na chuma. Unga ukibaki milimita 3 muda umefika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: aliyechelewa kununua pedi atanunua na diski. Mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na hivyo huchemka mapema, yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Na pedi mpya izoeshwe kwa kusimama taratibu mara kadhaa kabla ya kudaiwa kazi nzito.

Wapo pia mafundi, ambao afya yao husahauliwa. Mtindo wa kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa upepo wa pampu hauna budi kukoma. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbesto mwaka 2005, na Marekani ilitoa kanuni ya kuizuia, pamoja na ile ya breki, mwaka 2024, kwa sababu vumbi lake huleta saratani. Pedi isiyojulikana ilikotoka haijulikani pia ina nini ndani yake. Kitambaa chenye maji ni kinga ya bei ndogo.

Wajibu haumwangukii mwenye gari peke yake. Shirika la Viwango, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, zimepewa meno. Hayana budi kuuma, dukani na bandarini. Vilevile, ofisa anayenunua vipuri vya magari ya ofisi asijifiche nyuma ya bei ya chini ya zabuni. Bei ya chini ni haki pale tu vitu vinavyolinganishwa vinapofanana. Kuweka pedi ya bandia kando ya pedi iliyothibitishwa na kuchagua ya rahisi si kubana matumizi, bali ni kuhamisha gharama kutoka kwenye vitabu vya ofisi hadi wodini.

Kubana matumizi ni jambo la heshima kwa taifa na kwa kila kaya. Lakini yapo mengi ya kubania katika gari: redio, rangi, urembo, safari zisizo za lazima. Breki haimo katika orodha hiyo.