Levo 20 haijaharibika. Manju ndo mwoga

Wanangu, leo nakuja na maneno makali, na najua kuna watakaoninunia. Poa tu.

Kila nikiongea na mtu anayeendesha meza ya Dungeons & Dragons, awe wa Mombasa, wa Nairobi ama yule wa Dar tunayesumbuana naye kwa simu, nasikia wimbo ule ule: "Mchezo ni levo 1 mpaka 10. Ukipita hapo umeharibika. Wahusika washakuwa miungu, funga kitabu, anzeni upya." Na kila mtu anatikisa kichwa, ati ni hekima. Mimi nasema huo ni uvivu uliovaa kanzu nyeupe.

Kama wewe ni mgeni, nikupe haraka haraka. Mnakaa watu wanne watano, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Mmoja hana mhusika. Yeye anaisimulia dunia, anacheza maadui, anaamua upepo unavuma vipi. Kwetu tunamwita manju, kwa sababu ndo anayeongoza ngoma. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mchezo huu Marekani mwaka 1974. Mhusika anaanza levo 1, ambapo panya mkubwa anaweza kumuua, na anapanda mpaka levo 20, ambapo mfalme anamwamkia yeye kwanza. Hiyo safari ndo mchezo wenyewe. Sasa nieleze, mbona mnawashusha watu njiani?

Meza yetu iko Kombani, karibu na pale barabara ya Kwale mjini inapojitenga na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Jumamosi baada ya isha utatukuta nyuma ya duka, chini ya mwembe, na sahani ya viazi karai katikati. Tuko watano. Jamaa mmoja ni wa boda, dada mmoja anauza duka la mamake, mmoja yuko chuo, mwingine alikuwa kazi ya hoteli Diani mpaka msimu ulipoisha. Mimi ndo manju. Vitabu vya kuchapishwa hatuviwezi bei, kwa hivyo tunatumia kanuni za msingi zilizoachiliwa bure Januari 2023. Dadu za pande 6 tulizitoa kwa ludo. Ile ya pande 20 iko kwa simu, na chaji ikiisha tuna vizibo 20 vya soda kwenye mfuko, tumeviandika namba, unachovya mkono unatoa kimoja.

Sai tuko levo 18. Imetuchukua karibu miaka mitatu. Na kabla sijawasema wengine, acha nijiseme mwenyewe, kwa sababu huo uoga ninaoutukana nimeuishi.

Levo 13 ndo dada wa dukani, mwenye kucheza mganga, alipata uganga wa kuhama. Anataja mahali, kufumba na kufumbua wako pale. (Na ni mganga, si mchawi. Hilo neno lingine huku pwani limeua wazee, haliji mezani kwetu.) Mimi wiki nzima nilikuwa nimeandaa safari ya jangwa, nimeichora kama nyika ya Taru kabisa: kiu, majambazi, visima vilivyokauka. Jumamosi ikafika, nikasafisha koo, nikaanza kusimulia jua. Dada akasema, "Tunahama." Basi. Safari yangu yote ikafa kabla chai haijapoa.

Nikafanya nini? Nikaleta ukungu. Ukungu wa ajabu unaozuia uganga. Wiki iliyofuata, pango lenye ukungu. Wiki ya tatu, mji mzima una ukungu. Dada akaweka penseli chini, akaniambia polepole, "Miaka miwili nimeutafuta huu uganga. Kama hukutaka niwe nao, si ungeniambia mapema?" Akaondoka. Jumamosi mbili hakuja. Jamaa wa boda ndo alinimaliza: "Manju, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, sawa. Lakini wewe umeivuta mpaka imepasuka."

Nilienda dukani kuomba radhi. Nikanunua na sukari kilo moja ambayo hata sikuihitaji.

Hapo ndo nikaanza kufikiri. Hivi sisi ndo watu wa kwanza kupata shida ya kusimulia hadithi ya mtu mwenye nguvu kupita kiasi? Wapi! Pwani hii imemsimulia Fumo Liyongo kwa karne nyingi. Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913, na kabla yake watu walikuwa washamwimba. Liyongo ni levo 20 wa kwetu. Jitu, mpiga mishale, malenga, na silaha za kawaida hazimwui. Mfalme wa Pate anamwogopa mpaka usingizi haumjii.

Sasa angalia wale wazee walivyoendesha ile meza. Hakuna mahali walipomletea ukungu. Hakuna mahali walipomwambia, "Leo upinde wako haufanyi kazi." Kinyume chake! Mfalme anapanga njama na watu wa mwituni: wale kikoa, kila mmoja kwa zamu apande mkoma aangushe matunda, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anachukua upinde, anayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Mtego umekufa kwa mpigo mmoja. Na msimulizi anakubali! Hasemi "makoma haya ni magumu ajabu, mshale umedunda". Anamwachia ushindi wake, kisha anauliza: haya, mfalme sasa atafanya nini?

Hapo ndo kuna siri yote. Mfalme haendi kutafuta simba mkubwa zaidi. Anatafuta ngoma, jela, chakula kinacholiwa na askari njiani. Liyongo akifungwa, anayemtoa si misuli. Ni mamake aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, ni Saada aliyeubeba, ni kelele za gungu zilizofunika sauti ya tupa usiku. Na mwisho mfalme anatafuta mtoto. Anamwahidi kijana wa Liyongo binti yake, kijana anamwuliza baba siri ya kifo chake, na baba anasema: sindano ya shaba, kitovuni. Alijua anachoulizwa, wanangu. Aliyemwuliza ni mwanawe. Hakuna dadu ya pande 20 inayokuokoa hapo.

Hata akishakufa, bado ana levo 20. Amepiga goti kisimani, mshale uko kwenye upinde, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Nguvu za mtu mmoja zimekuwa kiu ya mji. Nitajie kisa cha levo 3 kitakachokupa picha kama hiyo.

Najua utetezi wenu, acha niujibu mmoja mmoja.

"Vitabu havisaidii huko juu." Kweli, na hapa nawapa haki yenu. Lost Mine of Phandelver ni levo 1 mpaka 5. Curse of Strahd ni 1 mpaka 10. Tomb of Annihilation inaishia 11. Zipo zinazofika 20, kama Dungeon of the Mad Mage ya 2018 na Vecna: Eve of Ruin ya 2024, lakini ni za kuhesabu. Kwa hivyo tumefundishwa kuendesha watu wadogo, halafu wakikua tunawalaumu wao. Tena kitabu kikijaribu kuwajibu wakubwa, mara nyingi kinaleta mnyama mkubwa tu. Tarrasque, yule dubwana wa kutisha kuliko wote, kwenye toleo la 2014 ana uhai wa 676, lakini hana mabawa wala hana cha kurusha. Mtu mmoja anayeruka na upinde wa uganga anaweza kumdungua kutoka juu huku dubwana linamwangalia tu. Ukubwa wa adui haujawahi kuwa jawabu. Mfalme wa Pate alilijua hilo.

"Inachukua muda, zamu moja nusu saa." Hiyo ni hesabu tu, mzee. Mvua ya vimondo ni dadu 40 za pande 6. Sisi tuna dadu sita za ludo, unafikiri tunazirusha mara ngapi? Wastani ni 140. Andika 140, simulia moto, songa mbele. Zamu ikikufikia uwe ushaamua, la sivyo mhusika wako anajikinga na tunapita. Na majambazi ishirini wakitokea mbele ya watu wa levo 18, msirushe dadu hata moja. Uliza, "Mnawafanyaje?" Waseme kwa sentensi moja, iwe imekuwa. Wamefanya kazi miaka mitatu kupata hiyo sentensi.

"Watavunja kisa changu." Ni chako na nani? Kama kisa chako kinakufa kwa sababu mtu ameruka ukuta, kilikuwa ni ukuta tu.

Fanya hivi badala yake. Kabla ya Jumamosi, soma karatasi zao. Zote. Andika wanachoweza, halafu tafuta swali ambalo nguvu hizo zinalifikia lakini hazilimalizi. Wanaweza kuhama popote kwa sekunde? Vizuri, miji mitatu inawaita usiku mmoja, na wao ni kundi moja. Wanaweza kuchoma msitu? Wapeleke kwenye kaya. Nyie wa Diani mnaijua Kaya Kinondo: unaingia kwa heshima, na hutoki na hata jani. Kaya za Mijikenda ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, lakini kilichozilinda karne zote hizo ni miiko na wazee. Sasa mweke mtu wa levo 18 mbele ya mzee wa kaya anayesema "hapana". Anaweza kumgeuza majivu, hakuna anayebisha. Baraka ataipata wapi?

Nimalizie na Jumamosi mbili zilizopita.

Kwenye kanuni kuna uganga wa juu kabisa wa kufufua. Unamrudisha mtu aliyekufa hata miaka 200 iliyopita, mradi hakufa kwa uzee, na roho yenyewe ikubali kurudi. Gharama ni almasi za dhahabu 25,000. Manju wengi wanauchukia, wanasema umeua kifo. Mimi nikawapa almasi za mara moja tu. Halafu nikawapeleka kwenye pango kando ya bahari, nimelichora kama lile la Shimoni, minyororo ukutani na yote. Dada alipoingia, nikamwambia kwamba roho za waliofia humo zinasikia kwamba kuna mtu mwenye uwezo wa kufungua mlango. Mmoja.

Hatukurusha dadu saa mbili nzima. Viazi vikapoa. Wa chuo akasema achaguliwe mtoto. Wa hoteli akauliza, mtoto arudi kwa nani, wazazi wake si wako humu humu? Dada akasema atawauliza wenyewe, akaanza kuwauliza, na mimi nikalazimika kuwajibu mmoja mmoja kwa sauti zao. Wengine walikataa kurudi. Jamaa wa boda alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza, taratibu, kama ni lazima awe mtu wa ndani ya mchezo. Hakuna aliyecheka. Sisi tunajua alimfikiria nani.

Bado hawajaamua. Na huyo wa hoteli amepata kazi Doha, anasafiri baada ya Jumamosi sita. Kuna mjuaji ameniambia nifunge tu kisa, tucheze kitu chepesi cha levo 1 mpaka aondoke. Sitafanya hivyo. Huyu mtu wiki nzima anaambiwa asubiri, ajaze fomu, apige simu kesho, arudi Jumatatu. Nyuma ya duka hili ndo mahali pekee ambapo mlango ukifungwa, yeye ndo anaamua kama utafunguka. Mimi ni nani nimvue hilo wiki sita kabla hajaenda kuvaa sare na kubeba mizigo ya watu?

Kwa hivyo manju mwenzangu, kama wachezaji wako wamekuwa wakubwa, wewe pia kua. Ngozi ya ngoma ilegeze kidogo. Waache waangushe makoma kwa mshale, kisha waulize swali ambalo mshale haulijibu.

Jumamosi tuko mwembeni. Almasi bado ziko kwa dada. Ukija, kuja na dadu zako.